Waya Kwanza, Dari Baadaye

Kilomita chache kutoka Tabora mjini, upande wa kusini magharibi, ndiko kuliko Kwihara. Wageni hupelekwa huko kuiona tembe ambamo Dkt. David Livingstone na Henry Morton Stanley waliishi pamoja baada ya kufika tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka kurudi pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti, zaidi ya miezi mitano. Mnamo Oktoba 1873 wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walipita tena huku Unyanyembe wakiwa wameubeba mwili wake kuupeleka pwani. Nyumba inayoonekana leo imejengwa upya kwa mfano wa ile ya kale.

Mama msomaji, hatuendi kwenye historia leo. Tunaitaja tembe kwa sababu ya paa lake. Paa la tembe ni boriti, juu yake fito, na juu ya fito udongo mzito ulioshindiliwa. Hakuna uwazi kati ya paa na chumba. Udongo ule huzuia joto la mchana, na huzuia sauti pia. Mtu akiongea chumbani mwake, maneno yake hubaki mumo humo.

Nyumba zinazojengwa leo jirani na tembe hiyo, kama zile za Tabora mjini, Nzega au Urambo, ni za namna nyingine kabisa. Zina kuta za matofali, kenchi za mbao, bati juu, na chini ya kenchi dari ya jipsamu au ya plaiwudi. Kati ya bati na dari hubaki uwazi mkubwa wenye giza. Nyaya zote za nyumba hupita humo: za taa, za soketi, za antena, na siku hizi hata za spika. Dari ikishafungwa na kupakwa rangi, hakuna anayejua tena kilichomo isipokuwa fundi, naye fundi huwa ameshahamia kwa mteja mwingine.

Spika za darini ni zile za duara zinazochomekwa ndani ya dari, zikaonekana kama sahani nyeupe yenye matundu madogo. Zamani tuliziona hotelini na katika kumbi tu. Sasa zinauzwa madukani, na mafundi wanaziweka majumbani. Akina mama wengi wanazipenda kwa sababu ya kweli kabisa: hazichukui nafasi, mtoto anayetambaa hawezi kuzivuta, na hazihitaji kufunikwa kitambaa cha kufuma kama tulivyoifunika redio ya National juu ya kabati. Mama akiwa jikoni anaweza kusikiliza mahubiri au taarifa ya habari bila kufungulia redio ya sebuleni kwa nguvu hadi jirani naye asikilize.

Hata hivyo si kila nyumba inazihitaji. Kama sebule yako ni ndogo na huna mpango wa kusikiliza redio katika vyumba vingine, spika mbili nzuri za kuweka kwenye rafu zitakupa sauti bora zaidi kwa fedha kidogo. Sauti inayotoka juu ya utosi haiwezi kuwa sawa na ile inayotoka mbele ya uso wako. Lakini kama unajenga, na dari bado haijafungwa, inafaa kufikiria waya hata kama spika zenyewe utazinunua miaka mitatu ijayo. Waya ni kitu kidogo katika gharama za ujenzi. Kuibomoa dari, kuipiga lipu upya na kuipaka rangi chumba kizima ni kitu kingine.

Mazungumzo yenu na fundi yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Habari za kazi? Kabla hujafunga dari, nataka unionyeshe waya wa spika utapita wapi."

"Spika si bado hamjanunua, mama?"

"Bado. Nataka waya tu kwanza."

Fundi mzuri atakuelewa mara moja. Asiyekuelewa, mwonyeshe ramani.

Kaa na ramani kabla fundi hajaja

Katika nyumba nyingi mambo ya umeme huzungumzwa na baba na fundi, na mama huitwa siku ya kuwasha taa. Si vizuri. Baba anaweza kujua idadi ya balbu, lakini wewe ndiye unayejua nani analala wapi, mtoto yupi huamka kwa mlio mdogo, bibi anasikia kwa sikio lipi, na ni saa ngapi jiko lako huwa na kelele za mafuta na sufuria. Hayo ndiyo yanayoamua spika ikae wapi. Kaeni wawili jioni moja, na karatasi ya ramani mezani, mpite chumba kwa chumba.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida, yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10. Ina sebule, jiko, chumba cha wazazi, chumba cha watoto, chumba cha bibi, na baraza ya mbele.

Sebuleni tutaweka spika mbili. Hapo familia hukaa pamoja, hutazama televisheni, na huimba tenzi jioni. Usizipachike pembeni kabisa. Ziache angalau sentimita 60 kutoka ukutani, na kati ya moja na nyingine ziachane mita 2 hadi 3. Kuna hesabu ndogo ya kukusaidia. Kama dari iko mita 3 kutoka sakafuni, na masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi yako kiasi cha mita 1.1, basi umbali kutoka kwenye spika hadi sikioni ni karibu mita 2. Spika ya kawaida ya darini hueneza sauti iliyo safi katika duara ambalo upana wake ni takribani mara mbili ya umbali huo, yaani chini kidogo ya mita 4. Kwa sebule ya mita 5 kwa 4, spika mbili zinatosha kabisa. Anayekuuzia nne anataka kuuza tu.

Jikoni inatosha moja. Isiwe juu ya jiko lenyewe, maana mvuke na moshi wa mafuta huiharibu mapema. Iweke karibu na meza ya kukatia mboga, au upande wa mlango. Kwa akina mama wanaopikia kuni au mkaa nje, spika ya jikoni haina kazi, fikirieni baraza.

Kwenye baraza, spika ni nzuri siku ya wageni, siku ya jumuiya au ya mahari. Lakini kumbuka majirani. Kitabu cha Mithali, sura ya 27, kinamtaja mtu anayemtakia jirani yake baraka kwa sauti kuu alfajiri, nacho hakimsifu.

Chumba cha watoto ningekiacha bila spika. Mtoto huhitaji usingizi na kimya cha kusomea. Chumba cha wazazi ni hiari yenu.

Chumba cha bibi ndicho ninachotaka tukae nacho kidogo. Katika nyumba nyingi mama mkwe au mama mzazi huishi nasi, na macho yake hayasomi tena. Redio ndiyo gazeti lake, ndiyo kanisa lake Jumapili asipoweza kutembea. Masikio yake nayo yamepungua, hivyo huifungulia redio hadi nyumba nzima inashindwa kuzungumza, na hapo maneno ya chini chini huanza. Wapo walioishi na ugomvi huo miaka mingi. Spika moja iliyowekwa juu ya kitanda chake, upande wa sikio linalosikia, yenye kitasa chake mwenyewe cha kupunguza na kuongeza sauti, inaweza kuondoa ugomvi huo. Kitasa hicho kiwekwe pale mkono wake unapofika akiwa amelala. Mafundi wengi hukiweka karibu na mlango, sawa na swichi ya taa, na bibi hawezi kunyanyuka kila mara.

Kwa vitasa hivi, waya hautoki moja kwa moja kwenye amplifaya hadi kwenye spika. Hutoka kwenye amplifaya, hushuka ukutani hadi kwenye kitasa, kisha hupanda tena darini hadi kwenye spika. Kwa hiyo mfereji wa ukutani uchongwe kabla ya lipu, na bomba lake liwe la kupitisha nyaya mbili.

Darini ni chumba kimoja

Hili watu wengi hawaambiwi. Katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia kwenye usawa wa dari, hazipandi hadi kwenye bati. Ukipanda darini na tochi utaona kwamba vyumba vyote vina paa moja juu yao, wazi kutoka upande huu hadi upande ule. Spika ya darini hutoa sauti mbele na nyuma. Ya mbele inashuka chumbani. Ya nyuma inaingia darini, inasafiri, na kushuka tena kupitia jipsamu jembamba juu ya kitanda cha mtoto. Njia hiyo hiyo hupitisha na mazungumzo: spika ya chumba cha wazazi ni tundu kubwa kwenye dari, na maneno yenu ya usiku yanaweza kupandia hapo na kusikika kwa mgeni aliyelala chumba cha pili. Tembe ya Kwihara haikuwa na shida hiyo.

Dawa yake ni boksi. Kila spika ifunikwe kwa nyuma na boksi la plaiwudi nene, lililofungwa vizuri kwenye mbao, lenye tundu dogo la kupitisha waya tu. Kampuni nyingine huuza spika zikiwa tayari na kifuniko cha nyuma. Boksi lisiwe dogo mno, maana spika huhitaji hewa nyuma yake ili sauti nzito itoke. Soma karatasi iliyokuja na spika, huonyesha kiasi. Boksi hilo hukusaidia pia dhidi ya vumbi, popo na panya. Kama fedha haitoshi kutengeneza maboksi ya spika zote, anza na zile zilizo karibu na vyumba vya kulala.

Msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, usitegemee miujiza. Mvua kubwa ya Tabora ikipiga bati, spika ya kawaida hushindwa. Kuiongeza hadi mwisho ni kuiua. Zima, subiri mvua ipite.

Waya wa namna gani

Waya wa spika huwa na nyuzi mbili, mara nyingi moja nyekundu na moja nyeusi, au zote za rangi moja lakini moja ikiwa na mstari. Nyekundu au yenye mstari ni ya chanya, nyingine ni ya hasi. Ukubwa wake hupimwa kwa milimita za mraba, kama nyaya za umeme. Kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo unavyotakiwa uwe mnene, la sivyo nguvu ya amplifaya huishia njiani.

Kwa spika ya omu 8, ambayo ndiyo ya kawaida majumbani, waya wa shaba wa milimita 1.5 hutosha hadi karibu mita 15. Ukizidi hapo, hadi mita 25 hivi, tumia wa milimita 2.5. Kwa spika ya omu 4, gawa umbali huo kwa mbili. Namba ya omu imeandikwa nyuma ya spika.

Pima njia ya waya kwa futikamba jinsi utakavyopita kweli, si kwa kukata kona. Hupanda ukutani karibu mita 2.5, hufuata mbao za kenchi, hugeuka, hushuka. Katika nyumba yetu ya mfano, amplifaya ikiwa sebuleni, waya wa spika ya kwanza ya sebule unaweza kuwa mita 7, wa pili mita 9, wa baraza 11, wa jikoni 12, na wa bibi pamoja na kushuka kwenye kitasa mita 16. Jumla ni mita 55. Ongeza kumi za akiba, nunua 65. Wa bibi uwe wa milimita 2.5, iliyobaki 1.5.

Angalia sana unaponunua. Zipo nyaya za bei nafuu ambazo kwa nje zinaonekana shaba, kumbe ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Chukua kisu, kwaruza uzi mmoja; ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Waya huo hupitisha umeme vibaya zaidi na hukatika upesi ukikunjwa. Si kwamba hautatoa sauti, bali utalipa kwa 1.5 na kupata chini ya 1.

Kila spika iwe na waya wake kutoka mahali pa amplifaya. Fundi mwingine, ili kuokoa waya, huchukua waya wa jikoni akauungia kwenye spika ya sebule. Mkatalie kwa upole. Siku ukitaka kuzima ya jikoni peke yake hutaweza, na kuna hatari nyingine tunayoieleza sasa.

Omu, na kwa nini amplifaya huungua

Akina mama wengi wanapofika kwenye omu huufunga ukurasa. Tafadhali usiufunge, maana hapa ndipo fedha huteketea.

Omu hupima jinsi spika inavyouzuia umeme unaotoka kwenye amplifaya. Ni kama kipenyo cha bomba la maji: omu nyingi, bomba jembamba; omu chache, bomba pana. Amplifaya ni tangi lenye pampu. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba kwenye tundu moja la amplifaya, unakuwa umefungua mabomba mawili kwa pamoja, na amplifaya inaona omu 4. Ukiunga nne, inaona omu 2. Amplifaya nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa omu 4 hadi 8. Ikilazimishwa kusukuma kwenye omu 2 huchemka, hujizima, na mwisho hutoa harufu.

Kwa hiyo geuza amplifaya, soma nyuma. Nyingi zina matundu ya spika A na spika B. Katika nyumba yetu ya mfano, A iwe ya sebule, kushoto na kulia. B iwe ya jikoni upande mmoja na ya bibi upande wa pili. Ukiwasha A na B kwa pamoja, kila upande unakuwa na spika mbili za omu 8, yaani omu 4. Baadhi ya amplifaya zinakubali hivyo. Nyingine zimeandikwa kwamba A na B pamoja zinahitaji spika za omu 8 au zaidi, na hiyo inakubaliana na mfano wetu. Kama maandishi yanataka omu 16, usiwashe zote kwa pamoja. Spika ya baraza, ambayo ni ya tano, iwe na amplifaya yake ndogo, au ununue swichi ya kuchagulia spika yenye kinga ya omu.

Jambo dogo: jikoni utapata upande mmoja tu wa muziki. Kwa hotuba na habari hutaona tofauti, kwa kuwa sauti ya msemaji huwekwa pande zote mbili. Katika kwaya iliyorekodiwa vizuri unaweza kukosa sauti ya pili. Amplifaya yenye kitufe cha mono huondoa kasoro hiyo.

Na kama mzee wa kanisa anayeshughulikia vyombo atajitolea kukusaidia kwa vifaa vilivyobaki kanisani, mshukuru lakini uliza kwanza. Makanisa mengi hutumia mfumo wa volti 100, ambao kila spika yake ina transfoma ndogo. Amplifaya ya mfumo huo haifungwi moja kwa moja kwenye spika za nyumbani za omu 8. Itaziunguza siku hiyo hiyo.

Umeme, panya na radi

Umeme wa nyumba zetu ni volti 230, nao huua. Waya wa spika ni wa nguvu ndogo. Viwili hivi visikutane kamwe: si katika bomba moja, si katika boksi moja la ukutani. Vikipita sambamba darini viachane angalau sentimita 30, na pale vinapolazimika kukatizana, vikatizane kama msalaba. Vikikaribiana unasikia mngurumo kwenye spika hata redio ikiwa kimya. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni siku panya atakapokula ngozi za nyaya zote mbili mahali pamoja, umeme wa TANESCO ukaingia kwenye waya ambao mtoto anaushika nyuma ya amplifaya.

Panya darini hawaepukiki, hasa nyumba ikiwa karibu na ghala la mahindi au karanga. Pitisha nyaya zote ndani ya mabomba ya plastiki, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ziba matundu ya ukingo wa bati kwa wavu wa chuma ili popo wasiingie. Usikubali waya wa spika utumike kuwasha taa kwa kuwa "umebaki." Nyaya za umeme wa nyumba zifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, hata kama kijana wa jirani anajua sana mambo ya redio. Kazi ya spika kijana huyo anaweza kuifanya.

Amplifaya iwekwe mahali penye hewa, si ndani ya kabati lililofungwa, si chini ya dirisha linalovuja. Iwe na soketi yake yenye swichi. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huharibu vyombo, hivyo kifaa cha kuzuia mruko wa umeme si anasa. Radi zikianza, chomoa kabisa, na antena pia.

Wapo watakaosema siku hizi hakuna haja ya waya kwa kuwa kuna spika za bluetooth. Ni kweli kwa spika ya mezani. Lakini spika ya darini ya bluetooth nayo huhitaji umeme kufika pale ilipo, na mawimbi yake katika nyumba ya kuta za matofali hudhoofika ndani ya mita 10 au chini ya hapo. Ukitaka kuwa tayari kwa mambo yajayo, mwambie fundi aache katika kila chumba bomba moja tupu lenye uzi wa nailoni ndani yake. Siku ikihitajika, waya wowote utavutwa kwa uzi huo.

Kabla fundi wa jipsamu hajaanza

Katika kila mahali pa spika fundi aache mzingo wa waya wa mita 1, na mahali pa amplifaya mita 2. Kila ncha iandikwe jina la chumba kwa wino usiofutika juu ya mkanda wa gundi: "jiko", "bibi", "baraza". Usiandike namba, baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka namba tatu ni nini.

Mahali pa spika pasiangukie kwenye mbao ya kenchi wala ya brandaring. Fundi asikate kenchi kwa ajili ya tundu la spika, hata sentimita moja; kenchi ndiyo inayoshika paa. Isogezwe spika. Spika ya inchi 6 na nusu huhitaji tundu la karibu sentimita 20, lakini usitoboe mpaka spika yenyewe iwepo, kwa sababu kila kampuni ina kipimo chake na ndani ya katoni huja karatasi ya kuchorea duara. Spika ikiwa nzito, ifungwe pia kwa waya wa chuma kwenye mbao ya juu, ili vibano vikilegea isimdondokee mtu.

Kisha piga picha kwa simu. Piga kila chumba dari ikiwa wazi, na futikamba ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kuta mbili hadi kwenye mzingo wa waya, namba zisomeke. Zichapishe, au ziandike vipimo kwenye daftari la nyumba pamoja na risiti za saruji. Simu hupotea.

Mwisho fanya jaribio ambalo halihitaji fundi. Tafuta spika ndogo yoyote, hata ya redio mbovu, na betri moja ya tochi ya volti 1.5. Nyaya zikiwa hazijaunganishwa na kitu chochote, mtu mmoja aishike spika kwenye ncha ya darini, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Wewe gusisha betri kwenye ncha ya upande wa amplifaya kwa sekunde moja. Ukisikia "tk" na kuona kikaratasi cha spika kikisukumwa kwenda nje, waya ni mzima na rangi hazijageuzwa. Kikivutwa ndani, kuna mahali nyekundu imekuwa nyeusi. Spika mbili za sebule zikipishana hivyo, sauti nzito hupotea katikati ya chumba. Usiposikia kitu, waya umekatika au umechomwa na msumari, na ndiyo siku ya kuubadilisha. Rudia kwa kila chumba. Kwa nyumba yetu ya nyaya tano ni kazi ya nusu saa, na watoto huipenda.

Kwa wale ambao dari imekwisha kufungwa, msikate tamaa. Nyumba nyingi zina mlango mdogo wa kupandia darini, mara nyingi kwenye ukumbi au stoo. Kupitia hapo fundi anaweza kulaza bomba na waya bila kuvunja, akikanyaga juu ya mbao tu. Jipsamu halibebi mtu. Apande asubuhi mapema, kwa kuwa saa saba mchana chini ya bati la Tabora mtu huishiwa nguvu. Waya wa kushukia ukutani unaweza kupita ndani ya mfereji wa plastiki uliobandikwa pembeni ya fremu ya mlango, ukapakwa rangi ya ukuta. Kama nyumba haina mlango wa darini, tobolewe mmoja wa sentimita 60 kwa 60 kwenye stoo, ukaachwa hapo na kifuniko chake, maana siku bati likivuja utauhitaji tena.